Kupunguza Pombe Baada ya Miaka 60

Mtu aliyefikisha miaka 60 anaweza kuendelea kunywa kiasi kile kile alichokunywa akiwa na miaka 35, pamoja na marafiki wale wale, na bado akawa analewa upesi zaidi, analala vibaya zaidi na kuumia kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwili unaokipokea kinywaji hicho umebadilika. Hili ndilo ninalotaka wastaafu wenzangu wa hapa Tanga walisikie kwanza. Tumezoea kulipima suala la pombe kwa tabia ya mtu: fulani ni mlevi, fulani si mlevi, na yule anayerudi nyumbani bila kuyumba wala kugombana na mtu huhesabiwa kuwa yu salama. Ini halipimi hivyo, wala moyo haupimi hivyo. Ninaandika nikiwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muheza, ambaye amepunguza pombe kwa makusudi tangu alipostaafu, na ambaye anatamani kuwaona wenzake wakifika miaka 80 wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Kadiri miaka inavyosonga, misuli hupungua, mafuta huongezeka, na maji ya mwilini hushuka. Kilevi huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Kwa hiyo chupa moja ya bia ikiingia katika mwili wenye maji machache huacha damu ikiwa na kilevi kingi kuliko ilivyokuwa ujanani. Ini nalo hupitiwa na damu kidogo kuliko zamani na hufanya kazi yake taratibu, na ubongo wa mzee huathirika kwa kiwango ambacho kijana asingekihisi. Kwa wastani mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi za kilevi kwa saa, na hakuna kahawa chungu, maji baridi ya kuoga wala supu ya pweza inayoweza kuiharakisha kazi hiyo. Aliyekunywa bia kubwa 3 kuanzia saa 1 jioni bado anaweza kuwa na kilevi damuni saa 8 usiku, na hiyo ndiyo saa ambayo wazee wengi huamka kwenda haja ndogo, gizani, huku miguu ikiwa haijapata uhakika wake. Pombe yenyewe ndiyo iliyomwamsha, kwa kuwa huizuia homoni inayoyahifadhi maji mwilini. Humletea usingizi mapema kisha ikaukatakata usingizi huo katika nusu ya pili ya usiku. Mzee akianguka chooni na kuvunjika nyonga, mara nyingi watu husema ni utelezi wa sakafu, na hakuna anayeuliza alikunywa nini jioni yake.

Tuongeze na hali ya hewa yetu. Hisia ya kiu hufifia uzeeni, na joto la Tanga la Januari na Februari humtoa mtu jasho hata akiwa amekaa kivulini. Mzee anayetoka jasho mchana kutwa bila kuhisi kiu, kisha akaanza na bia jioni, anapoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kesho yake kizunguzungu anachokipata akisimama anakiita uchovu au uzee.

Nataka pia niyaseme mambo mawili yanayorudiwa sana katika mazungumzo yetu. La kwanza ni kwamba bia husafisha figo. Bia humfanya mtu akojoe sana kwa sababu niliyoitaja hapo juu, lakini kukojoa sana si kusafishwa. Figo husaidiwa na maji ya kunywa na presha iliyodhibitiwa, na bia hupandisha presha na kuongeza asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, yaani uvimbe na maumivu makali ya viungo, hasa kwenye kidole gumba cha mguu. La pili ni kwamba divai nyekundu kidogo hulinda moyo. Dhana hii ilienea sana miaka ya 1990, ikitokana na mazungumzo juu ya Wafaransa na afya ya mioyo yao. Baadaye watafiti walibaini kwamba katika tafiti nyingi zilizowalinganisha wanywaji na wasiokunywa, kundi la wasiokunywa lilikuwa na watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, jambo lililowafanya wanywaji wa wastani waonekane wenye afya kuliko walivyo. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na shirika lake la utafiti wa saratani lilikwisha kuiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Miongoni mwa saratani zinazoletwa na pombe imo ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo Afrika Mashariki inaijua kwa uchungu.

Je, basi kila mzee aache kabisa? Kwa baadhi yetu jibu ni ndiyo, nami nitawataja mbele kidogo. Kwa wengine kupunguza ni hatua yenye faida halisi, mradi mtu ajue anapunguza kutoka wapi kwenda wapi. Muuguzi mmoja kijana aliniuliza kliniki, baada ya shikamoo na marahaba, "Babu, unatumia pombe?" Nikamjibu, kama tunavyojibu wote, kwamba natumia kwa kiasi. Akaniuliza kwa adabu, "Kiasi gani, babu?" na kalamu yake ikabaki juu ya karatasi ikingoja. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na linajibika kwa hesabu rahisi ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaiweza.

Bia ya chupa kubwa ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi halisi, ambazo ni sawa na gramu 20 hivi. Pombe kali ya asilimia 35 katika kichupa cha mililita 200 ina mililita 70 za kilevi, yaani gramu 55, karibu sawa na bia kubwa 3, ingawa kichupa hicho kinaingia katika mfuko wa shati. Asilimia imeandikwa kwenye lebo. Tuvae miwani tuisome. Uingereza, tangu mwaka 2016, imewashauri watu wazima wanaokunywa, wanaume kwa wanawake, wasizidishe gramu 112 za kilevi kwa wiki, na wanaofikia kiasi hicho wakigawe katika siku 3 au zaidi badala ya kukimaliza kwa mkupuo mmoja. Hizo ni bia kubwa 5 na nusu hivi kwa wiki nzima, na kuna watu tunaowafahamu ambao hupita hapo Ijumaa na Jumamosi tu. Aidha, ushauri huo ni wa watu wazima kwa jumla. Mzee mwenye presha au kisukari anapaswa kuwa chini yake sana.

Mnazi unahitaji maelezo yake, kwa sababu pwani yetu ni ya minazi na wengi huuona kuwa kinywaji cha asili kisicho na neno. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akalikata karara kabla halijafunguka na kukinga utomvu katika chombo chake, na utomvu ule unapoanza kudondoka ni mtamu kama maji ya sukari. Lakini hamira ya asili iliyomo hewani na chomboni haisubiri. Uchachukaji huanza pale pale juu ya mti, na ndani ya saa chache tu mnazi huwa umefikia nguvu ya bia ya kawaida, asilimia 4 au 5, na wa kulala huwa mkali zaidi kabla ya kugeuka siki. Kwa hiyo mtu anayekunywa lita moja ya mnazi jioni, akiamini kwamba hakugusa bia, amekunywa kilevi cha karibu bia kubwa 2, tena bila lebo ya kumwonya. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo mnazi ulikuwa wa mahari, wa matanga na wa wageni, na ninauheshimu kama sehemu ya maisha yetu. Ndiyo maana nasisitiza uhesabiwe sawa na vinywaji vingine. Kuhusu gongo sina hesabu ya kutoa. Hakuna anayejua nguvu yake wala kilichochanganywa ndani yake, na pombe ya kienyeji ya kutoneshwa iliyoingiwa na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, hupofusha macho na huua. Asiyeacha kingine chochote aache hicho.

Sasa dawa, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu naamini hapa ndipo wazee wengi wanapoumia bila kujua chanzo. Nyumba nyingi za wazee zina mfuko wa nailoni wenye dawa za watu wawili au watatu, za hospitali na za dukani. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi akanywa pombe bila kula anaweza kushukiwa na sukari usiku hadi akapoteza fahamu, na majirani wakamwacha alale wakidhani amelewa. Anayetumia metformini, nayo dawa ya kisukari, akinywa sana anajiweka katika hatari ya tindikali kuzidi damuni, hasa kama figo zake si nzima. Diklofenaki na aspirini, ambazo wengi wetu hununua kwa ajili ya magoti na mgongo, pamoja na pombe hukwangua utando wa tumbo hadi likavuja damu. Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini mnywaji wa kila siku akiimeza kwa wingi ini lake hulipa gharama. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zikichanganyika na pombe huweza kupunguza pumzi hadi ikasimama. Dawa za presha nazo, zikikutana na pombe, humwangusha mtu anapoinuka ghafla kitini, na kwa upande mwingine pombe ya kila siku huipandisha presha ile ile ambayo dawa inajitahidi kuishusha. Wapo wanaotatua jambo hili kwa kuruka dawa siku ya kunywa. Huko ni kuchagua kiharusi.

Wanaopaswa kuacha kabisa, basi, ni wenye ugonjwa wa ini, wenye kifafa, wanaotumia dawa nilizozitaja ambazo daktari hawezi kuzibadilisha, waliowahi kutapika damu, na wale ambao wakionja moja hawawezi kusimama hadi mfuko uishe. Hata hivyo lipo onyo ambalo ni lazima lisemwe kwa sauti: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, ambaye mikono humtetemeka asubuhi hadi apate ya kutuliza, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili wake umejipanga kuishi na pombe, na ikiondolewa kwa siku moja anaweza kupata degedege ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha kati ya siku ya 2 na ya 4 akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio. Hali hii huua. Hospitalini ina tiba inayojulikana, ya dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku pamoja na vitamini B1. Familia zinazomfungia baba chumbani ili aache kwa nguvu zina nia njema, lakini zinamweka mahali pa hatari; wampeleke kwa daktari kwanza.

Kwa sisi tuliobaki, ambao tunaweza kupunguza, nimeona kwamba kiapo hakifanyi kazi kubwa. Kinachofanya kazi ni kuzipanga upya saa za jioni. Mtu aliyekuwa kazini kwa miaka 35, bandarini, reli, shuleni au kwenye mashamba ya mkonge, alikuwa na siku iliyogawanywa kwa ajili yake na wengine. Akistaafu, saa 10 alasiri humkuta ameshamaliza kila kitu, jua bado liko juu, pensheni au kiinua mgongo kiko mfukoni, na mahali pekee penye viti, kivuli na watu wanaomwita kwa jina ni baa ya mtaani. Anayemwambia mtu huyo aache pombe bila kumwambia aende wapi saa 10 hajamwambia kitu.

Tanga kwa bahati ina majibu. Mji wetu ni tambarare na baiskeli bado ina heshima yake. Mzee anaweza kuendesha kutoka Ngamiani, akapita Bombo hadi Raskazone, upepo wa bahari ukimpiga usoni, na kurudi kabla ya magharibi bila kupanda kilima chochote cha kutisha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu za misuli mara 3 kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Nusu saa ya baiskeli au ya kutembea kwa siku 5 inatosha kabisa, na kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta ni zoezi la usawa lisilo na gharama. Mimi nimeichagua saa 10 na nusu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo saa iliyokuwa ya bia, na nikirudi huwa na kiu ya maji na njaa ya chakula. Bao nalo, kwa wanaolipenda, hula saa mbili bila mtu kuhisi. Wengine wana bustani za mchicha na matembele zinazohitaji kumwagiliwa saa hizo hizo.

Jambo la kuangalia ni kinachowekwa badala ya bia. Nimewaona watu wakihama kutoka bia kwenda soda 3 kwa jioni, na kwa mwenye kisukari hilo ni kuhama moto kwa moto. Dafu ni jema kwa wengi wetu, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye aulize kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi. Chai ya tangawizi isiyo na sukari, maji yenye ndimu, na kahawa kabla ya jioni zinatosha. Kahawa ya usiku tuwaachie wenye umri mdogo.

Mji huu pia una mwezi ambao huonyesha wazi kwamba inawezekana. Ramadhani ikiingia, ndugu zetu Waislamu ambao hunywa huacha mwezi mzima, na sisi Wakristo tunao wenzetu wanaoacha siku 40 za Kwaresima. Wengi hukiri kwamba wiki ya pili walianza kulala vizuri na tumbo likatulia. Kisha inafika Idi au Pasaka na mtu hurudi kwa kasi, kana kwamba analipa deni. Na wapo ambao kabla ya mfungo, wakati wa kuvunja jungu, hunywa kwa kipimo cha mwezi wote. Kunywa kwa mkupuo namna hiyo huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa wa mzee. Ushauri wangu kwa mwenye nia ni kwamba ile siku ya kwanza baada ya mfungo ndiyo ya kuiwekea mpango kuliko zote: aamue mapema atakula wapi, na nani, na ataondoka saa ngapi. Mwili wakati huo umekwisha kuzoea kukaa bila pombe, na hilo ni jambo la kulilinda.

Marafiki ni sehemu ngumu, na sitaki kuirahisisha. Desturi ya kuzungusha raundi humfanya mtu anywe kwa kasi ya meza badala ya kasi yake, na kukataa huonekana kama kumkataa aliyenunua. Nilichofanya ni kuwaambia wenzangu wa karibu, mmoja mmoja na mapema, wala si pale mezani, kwamba presha imepanda na kwamba nitakuwa nikinywa moja siku za Jumamosi tu, baada ya kula. Aliyekuwa rafiki amebaki rafiki, na wawili kati yao sasa hutoka nami na baiskeli. Harusini naketi na wazee wanaokunywa soda na maji, jambo ambalo halihitaji maelezo, na bilauri yangu huwa imejaa daima, kwa kuwa ni bilauri tupu ndiyo inayoalika mtu kuijaza. Mke wangu alinisaidia kwa jambo moja kubwa: hakuwahi kunihesabia mbele ya watu, ila aliniuliza kila Jumapili kama wiki ilikwenda nilivyopanga.

Kuhusu chakula nitasema machache. Atakayekunywa ale kwanza, tena ale samaki, maharage au mbaazi za nazi na mboga za majani. Wala asitegemee mishkaki yenye chumvi nyingi, kwa kuwa kipimo cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na presha haitofautishi chumvi ya baa na ya nyumbani.

Nilipokuwa na wiki kadhaa za mpango huu, presha yangu ilishuka, na daktari alinieleza kwamba hilo hutarajiwa, kama vile mafuta yaliyojijenga katika ini yanavyoweza kupungua pombe ikikaa mbali. Usingizi ulichukua muda mrefu zaidi kurejea; usiku wa mwanzo ulikuwa mgumu kuliko nilivyotegemea, nami nalisema hili ili anayeanza asikate tamaa wiki ya kwanza akadhani ameumbwa tofauti. Fedha iliyobaki ni nyingi kwa mtu anayeishi kwa pensheni, na sehemu yake inakwenda kwenye samaki wabichi wa Deep Sea, wanaotufaa zaidi mimi na mwenzangu.

Kwa anayetaka kuanza, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 lililotolewa mwaka 1989, ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki kuliandaa. Linauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku ya kawaida, na kama kuna aliyekwisha kuumia kwa sababu hiyo, na anayepata alama 8 au zaidi kati ya 40 anahitaji kuzungumza na mhudumu wa afya. Mhudumu yeyote aliyesomea kazi hiyo anaweza kukupitisha humo kwa dakika chache. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali na vituo vingi sasa vina dirisha la wazee na tangazo la kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza, kwa hiyo foleni isiwe sababu ya kubaki nyumbani. Beba mfuko wako wote wa dawa, pamoja na za miti shamba, utaje idadi ya chupa kwa wiki na ukubwa wake bila kupunguza hata moja, kisha omba siku hiyo hiyo upimwe presha, sukari na ini.